Migomba ilikuwa na bei, ardhi haikuwa nayo

Ukizisoma karatasi za zamani za mauziano ya mashamba, zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wa daftari na kusainiwa mbele ya balozi na mashahidi, mara nyingi utakuta muuzaji hakuuza ardhi. Aliuza migomba kadhaa, mibuni kadhaa, pengine na nyumba ya matofali mabichi. Mipaka ilitajwa kwa majina ya majirani na mkondo wa maji. Udongo wenyewe ulipita kimya, kana kwamba haukuwamo kwenye biashara.

Walioandika karatasi hizo waliijua sheria kuliko tunavyowadhania. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sheria ya Tanganyika na kisha ya Tanzania ilishikilia kwamba ardhi tupu haina bei. Chenye bei ni jasho la mtu juu yake. Na katika wilaya kama Rungwe, ambako mvua hukatika kwa miezi michache tu na udongo wa volkano hauna ubahili, jasho hilo hugeuka upesi kuwa kitu cha kudumu: mgomba, mbuni, mchai, na siku hizi mparachichi. Ndiyo maana Tukuyu, mji mkuu wa wilaya hiyo, na vilima vyake ni mahali pazuri pa kuitazamia safari yetu kutoka Ujamaa kwenda sokoni. Huku watu walianza kuuziana mashamba kabla sheria haijataka kulisikia jambo hilo. Sasa sheria imekubali, na inaonekana wazi kwamba swali la bei lilikuwa jepesi. Gumu ni swali la jina: shamba liandikwe kwa nani?

Tuanze na wenye nchi. Wajerumani, walioijenga Tukuyu na kuiita Neu Langenburg, walikuwa wametangaza kwa amri ya mwaka 1895 kwamba ardhi yote ya koloni ni ya dola, isipokuwa pale mtu atakapothibitisha umiliki wake. Kuthibitisha maana yake ilikuwa kuonyesha hati, na malafyale gani, yaani chifu, wa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, alikuwa na hati? Waingereza wakaja na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, wakaiweka ardhi yote chini ya Gavana. Mwaka 1928 waliongeza kifungu kilichowatambua wenyeji wanaotumia ardhi kwa mila zao kama watu wenye haki ya kuitumia. Ilikuwa haki ya kudhaniwa, isiyo na cheti. Mwenye cheti aliyetaka shamba la asiye na cheti hakupata taabu kubwa.

Huku chini, mambo yalikuwa na utaratibu wake. Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na mkewe Monica miongoni mwa Wanyakyusa katikati ya miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1938 kitabu kidogo kuhusu haki za ardhi za mtu mmoja mmoja katika jamii hiyo. Alichokieleza hakifanani na picha tuliyozoea ya ardhi ya ukoo. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, ipanga, wakaoa na kuzeekea humo. Mtu alipata shamba kwa kuwa mwanakijiji aliyekubalika na wenzake, wala si kwa kuwa mtoto wa fulani tu. Akigombana nao, au akinyooshewa kidole cha uchawi, alihamia kwingine, na alipokwenda alipewa sehemu nyingine ya kulima. Kisha kila kizazi kilipokomaa ilifanyika sherehe kubwa ya ubusoka: wazee waliwakabidhi wana wao utawala, na pamoja na utawala, nafasi ya kujenga na kulima. Wazee walisogea pembeni. Ardhi ikapumua.

Utaratibu huo ulihitaji vitu viwili: nafasi ya kusogea, na mazao ambayo mtu anaweza kuyaacha bila kulia. Vyote viwili viliondoka. Wanaume walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakarudi na fedha. Kahawa ikapandwa. Sasa mwambie mzee mwenye mibuni aliyoipalilia miaka 15 kwamba kizazi chake kimekwisha, asogee awapishe vijana. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Rungwe katikati ya miaka ya 1950, alikuta ardhi imebana, mashamba yanarithishwa ndani ya familia na kijiji cha rika kinafifia. Mti uliozaa kila mwaka ulikuwa umefanya kazi ya hati miliki bila kumwomba mtu ruhusa.

Kitabu cha Gulliver kilitoka mwaka 1958. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliopendekeza Waafrika waanze kupewa umiliki binafsi wa ardhi usio na ukomo, kama wa walowezi. Na mwaka huohuo Julius Nyerere akaupinga kwa makala yake, Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa rahisi na nzito: ukiruhusu ardhi iuzwe kama nguo, baada ya muda wachache watakuwa na ardhi na walio wengi watakuwa wapangaji wao. Kumbukumbu ya kesi ya Wameru ilikuwa bado mbichi. Wananchi walikuwa wamehamishwa kwa nguvu mwaka 1951 kuwapisha walowezi, na Kirilo Japhet akalipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Kwa hiyo Nyerere hakuwa akiota. Ila alizungumza kana kwamba mila yenyewe haina wauzaji, na Rungwe ilikuwa tayari inamkatalia polepole.

Baada ya Uhuru alitekeleza alichokiamini. Umiliki usio na ukomo ulifutwa mwaka 1963, ukageuzwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki yenye masharti ya maendelezo. Kati ya hatua hizo mbili likaja Azimio la Arusha, na baadaye Operesheni Vijiji ya kuwakusanya watu vijijini. Katika nyanda zenye migomba na kahawa vijiji kwa sehemu kubwa viliandikishwa pale watu walipokuwa. Ni vigumu kumhamisha mtu na migomba yake. Sehemu nyingine za nchi hazikuwa na bahati hiyo. Mamilioni walihamishwa, wakapewa mashamba ya wengine, na hakuna aliyeandika nani kapewa cha nani.

Deni hilo lilidaiwa miaka ya 1980, uchumi ulipofunguliwa. Watu waliokuwa wamehamishwa walikwenda mahakamani kudai mashamba yao, na wengine walishinda. Serikali ikaogopa. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni, ikakataza fidia na kuzifungia mahakama mlango. Baba mmoja na mwanawe kutoka Mkoa wa Arusha, waliokuwa wameshinda kesi yao, waliipinga. Ndiyo kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, na kama kuna hukumu moja ambayo kila mkulima wa Rungwe angepaswa kusomewa kwenye mkutano wa kijiji, ni hiyo.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila katika ardhi ni mali, na kwa hiyo inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Hoja kwamba wanakijiji wasio na hati ni kama wavamizi wanaovumiliwa kwenye ardhi ya dola ilitupwa nje. Na Mahakama ikaenda mbali zaidi ya migomba: hata pale pasipo na maendelezo yanayoonekana, kazi ya mtu juu ya ardhi inaweza kuipa thamani inayostahili kulipwa. Mkunga wa soko la ardhi Tanzania alikuwa jaji aliyesoma Katiba ya nchi ya kijamaa.

Wakati huohuo Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa Januari 1991, ilikuwa imezunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko. Ilipendekeza mzizi wa umiliki uondolewe kwa serikali kuu. Ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe, na ardhi ya taifa iwe chini ya chombo kinachowajibika kwa Bunge. Serikali ilikataa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ikabakiza ardhi yote kuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Mwingereza Patrick McAuslan ndiye aliyeandaa rasimu. Ni sheria ndefu na zilitungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mjumbe wa halmashauri ya kijiji anayetakiwa kuzitekeleza huisikia zaidi redioni.

Nchi za Ulaya Mashariki zilipoachana na ukomunisti nyingi zilirudisha ardhi kwa wenyewe wa zamani au warithi wao. Sisi hatukurudisha, na katika hili tunafanana zaidi na Vietnam, ambako sheria ya mwaka 1993 iliiacha ardhi kuwa ya watu wote lakini ikawapa wakulima haki ya kuitumia, kuirithisha, kuihamisha na kuiweka rehani: miaka 20 kwa mazao ya mwaka, miaka 50 kwa mazao ya kudumu. Mnyakyusa angeukubali mpangilio huo haraka, maana umekiri kwamba mwenye mti na mwenye mahindi hawako sawa. Sheria yetu kwa mwanakijiji ni karimu zaidi, kwa kuwa hakimiliki ya kimila haina ukomo wa miaka.

Mabadiliko ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2004 yalimalizia kazi kwa upande wa miji na ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya vijiji wala ya hifadhi: kiwanja au shamba lisiloendelezwa likaweza kuuzwa, na kanuni za rehani zikalegezwa ili benki zikopeshe bila hofu. Sheria ilikuwa tayari imetamka tangu 1999 kwamba maslahi katika ardhi yana thamani. Udongo ukapata bei hadharani.

Hati mkononi, benki mjini

Mwaka huohuo wa 2004 ulizinduliwa MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali za wanyonge, kwa ushauri wa taasisi ya Hernando de Soto, mchumi wa Peru. Nadharia yake ilipendwa na marais wengi: maskini wana mali, kinachokosekana ni karatasi, wape karatasi, waende benki. Mbozi, wakati huo ndani ya Mkoa wa Mbeya, ilikuwa imeshakuwa uwanja wa majaribio wa hati za hakimiliki za kimila. Kwa hiyo watu wa Rungwe waliyaona mambo haya kwa jirani mapema.

Kwenye vitabu vya sheria, hati ya kimila ni cheti chenye heshima kamili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ina hadhi sawa kwa kila hali na hati inayotolewa na Kamishna wa Ardhi. Lakini ili mtu mmoja aipate, kijiji kizima lazima kwanza kipimwe mipaka yake, kipate cheti cha ardhi ya kijiji, kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi na masjala yenye kabati linalofungwa. Kisha majirani wasimame mpakani wakubaliane. Kwenye tambarare ya ufugaji kazi hiyo ni ya vigingi vichache. Rungwe ni kitu kingine. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu wapatao 339,000 kwenye wilaya, ikiwa pamoja na eneo la Busokelo, katika kilomita za mraba 2,211: karibu mara tatu ya wastani wa taifa wakati huo, na hapo hujatoa msitu wa Mlima Rungwe. Kaya moja inaweza kuwa na migomba kuzunguka nyumba, kipande cha chai upande wa pili wa mto na cha viazi juu kabisa. Kila kipande kina majirani wake, na kila jirani ana kumbukumbu yake ya mahali jembe liliposimama.

Ukishapata hati, benki. Hapa nadharia ya de Soto hukutana na kifungu cha sheria. Mnunuzi asiye mwanakijiji anahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, maana sheria ilitaka kijiji kisiamke siku moja kimenunuliwa chote na wageni. Ni kinga nzuri, naiunga mkono. Lakini meneja wa benki anaisoma kwa macho mengine: mkopaji akishindwa, nani atanunua robo ekari yenye migomba katikati ya ukoo, na ni ndugu gani atathubutu kupanda dau? Ndiyo maana mkulima wa chai hukopeshwa kirahisi zaidi kwa majani yake kuliko kwa shamba lake. Ushirika wake unajua kilo alizopeleka kiwandani, na makato hukatwa humohumo.

Chai yenyewe imekuwa na mageuzi yake ya umiliki ambayo husimuliwa kwa nadra. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli vilikuwa mali ya umma. Vilipobinafsishwa, chama cha wakulima wadogo wa chai wa Rungwe kilipata hisa katika kampuni ya Wakulima, pamoja na mwekezaji. Mtu mwenye nusu ekari ya chai akawa, kwa njia ya chama chake, mwenye kiwanda. Katika mikataba ya ubinafsishaji ya nchi hii, mkulima hakukumbukwa hivyo mara nyingi.

Kivuli cha mparachichi

Mti wa sasa ni mparachichi, hasa wa aina ya Hass ambao matunda yake huuzwa Ulaya. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na ukitunzwa utazaa miaka mingi. Hapo ndipo haki za ardhi zinapojitokeza waziwazi. Mtu anayekodi shamba kwa msimu anaruhusiwa mahindi, maharage na viazi. Mti haruhusiwi, kwa sababu kila mtu vijijini anajua kwamba anayepanda mti anaanza kudai ardhi. Kwa hiyo faida ya parachichi haifuati bidii peke yake, inafuata jina. Kijana ambaye baba yake bado yuko hai hupanda kwa ridhaa ya baba, kwenye ardhi ya baba, na mti ni wa nani siku wakigombana? Ubusoka ulikuwa na jibu la swali hilo. Sheria ya mwaka 1999 haina, kwani inamwona mtu mzima mmoja mwenye hati, au wawili, na haioni kizazi kinachosubiri zamu.

Kwa wanawake sheria iko mbele ya kijiji kwa hatua kubwa. Tayari mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa ameamua, katika kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo, kwamba mila inayomnyima mwanamke kuuza huku ikimruhusu mwanamume inakwenda kinyume cha Katiba. Sheria zote mbili za 1999 zikatamka haki sawa ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi, na ile ya vijiji ikabatilisha mila yoyote inayomnyima. Nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu.

Lakini shamba la Rungwe hupita kwa upande wa baba, na binti huhesabiwa kuwa atakula kwa mumewe. Urasimishaji unapofika kijijini, fomu ina nafasi ya majina mawili, na ni jambo dogo sana kuacha moja wazi. Kabla ya fomu, mjane alikuwa na migomba aliyoipanda kwa mikono yake na majirani waliomwona akiipanda. Baada ya fomu, kuna hati yenye jina la marehemu peke yake na shemeji anayejua kusoma. Karatasi iliyokuja kumlinda mnyonge inaweza kumfuta, bila mtu yeyote kuvunja sheria. Ethiopia walipogawa vyeti vyao mwanzoni mwa miaka ya 2000, mikoa mingine iliweka picha za mume na mke pamoja kwenye cheti. Picha ni ngumu kuisahau kwenye fomu. Sijui kwa nini jambo rahisi hivyo halijawa amri kwetu kwa kila shamba la wanandoa.

Kando ya barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Kyela mambo yanakwenda kasi zaidi. Kiwira, Katumba, Ushirika na Tukuyu yenyewe zinapanuka. Shamba la migomba linakatwa viwanja, na sehemu ya kijiji inatangazwa kuwa eneo la mipango miji. Siku hiyo ardhi inatoka mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Hati ya kimila isiyo na ukomo inapisha hati ya miaka isiyozidi 99 yenye pango la ardhi la kila mwaka. Bei inapanda, usalama unategemea kama mwenyewe alijua. Na kuna kipengele kingine cha hatari zaidi, ambacho wanasheria wamekilalamikia tangu mwanzo: Sheria ya Ardhi inaihesabu ardhi ya kijiji isiyotumika kuwa sehemu ya ardhi ya jumla, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji haisemi hivyo. Katika wilaya iliyobana kama Rungwe si rahisi kukuta ekari isiyo na mwenyewe. Lakini kipande cha nyasi kilichoachwa kipumzike, au kichaka cha mianzi, mgeni mwenye ramani anaweza kukiona kitupu.

Migogoro ikizuka, njia nayo imebadilika. Tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata hayatoi tena hukumu za ardhi. Yanasuluhisha tu, na yakishindwa shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Malalamiko dhidi ya mabaraza ya kata yalikuwa mengi na mengine yalikuwa ya kweli. Hata hivyo kwa bibi anayegombea hatua tano za mpaka, kesi imehama kutoka mahali anapofika kwa miguu kwenda mahali panapotaka nauli, na wakili akipatikana.

Na hati nyingine zinaanza kuzeeka. Zilizotolewa miaka 10 au 15 iliyopita zina majina ya watu ambao baadhi yao wameshafariki. Ili jina libadilike, ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo inamteua na kumpa miezi minne afunge hesabu za marehemu. Kisha mgawanyo unarudishwa kwenye masjala ili sajili isahihishwe. Familia nyingi huishia kwenye kikao. Ndugu wanne wanagawana vipande kwa maneno, kila mmoja anapanda parachichi zake, na mmoja akipata shida anauza chake kwa jirani. Karatasi ya mauziano inaandikwa kwenye daftari, mashahidi wanasaini, na katika sajili ya wilaya shamba zima bado ni la baba yao.